Goma: Oksijeni inaokoa watoto waliozaliwa mbele ya wakati, lakini macho yao yanahitaji kuangaliwa wakifikisha wiki nne

Utafiti ulioanza Marekani miaka ya 1940 na kufika hadi Kigali na Nairobi unaonyesha kwamba mtoto wa mwezi wa saba anaweza kutoka hospitali akiwa mzima, kisha akapofuka nyumbani bila mtu kujua. Kipimo kimoja cha dakika chache kinaweza kuzuia msiba huo.

Mtoto akizaliwa kwenye mwezi wa saba, watu wa Goma huuliza kwanza kama anapumua. Kisha huuliza kama ananyonya, kama anaongeza uzito, na lini mama yake atatoka hospitali. Swali la macho haliulizwi, kwa sababu macho ya mtoto huyo yanaonekana mazima. Yanafunguka, yanafunga, hayana uchafu wala wekundu.

Lakini nyuma ya jicho, mahali ambapo mzazi hawezi kufika kwa kuangalia tu, kunaweza kuwa na ugonjwa unaokwenda mbio. Waganga wanauita retinopatia ya prematire. Unashika retina, yaani utando mwembamba ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo. Hauleti maumivu wala homa. Ukifika mwisho wake, retina inabanduka na mtoto anakuwa kipofu maisha yake yote.

Ugonjwa huu hauwapati watoto waliozaliwa kwa wakati wao. Unawapata wale waliokuja mapema, na hasa wale waliookolewa. Ndiyo maana unaongezeka mahali ambapo matunzo ya watoto wachanga yanaanza kuwa mazuri, lakini bado hayajakamilika.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba watoto milioni 13.4 walizaliwa mbele ya wakati mwaka 2020, yaani karibu mtoto mmoja kati ya kumi. Watafiti walioongozwa na Hannah Blencowe wa London walikadiria kwamba katika mwaka 2010 peke yake, watoto 184,700 duniani walipata retinopatia ya prematire ya kiwango chochote. Kati yao, 20,000 walipofuka au kubaki na uoni mdogo sana.

Jicho ambalo halijamaliza kujengwa

Ili kuelewa ugonjwa huu, ni lazima kurudi tumboni mwa mama. Mishipa ya damu ya retina inaanza kuota karibu na wiki ya 16 ya mimba. Inatokea katikati, pale mshipa mkubwa wa fahamu unapoingia kwenye jicho, na inatambaa polepole kuelekea pembeni kama mizizi ya mti. Upande wa pua inafika mwisho karibu na wiki ya 36. Upande wa sikio inamaliza karibu na wiki ya 40, wakati mtoto yuko tayari kuzaliwa.

Mtoto akizaliwa kwenye wiki ya 28 au 30, kazi hiyo inakatwa katikati. Sehemu ya pembeni ya retina bado haina mishipa.

Tumboni, mtoto anaishi na oksijeni kidogo kwenye damu, na hali hiyo ndiyo inayoita mishipa iendelee kuota. Akitoka nje, hata hewa ya kawaida ina oksijeni nyingi kuliko aliyoizoea. Akiwekewa tena oksijeni ya chupa bila kipimo, retina inapata ishara kwamba haihitaji kitu tena. Mishipa inasimama, na mingine midogo inakufa. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na huenda kimya kabisa.

Wiki kadhaa baadaye, retina imekua, inataka chakula na hewa zaidi, lakini mishipa ya kuvileta haipo. Hapo jicho linaanza kuita kwa nguvu. Linatoa kemikali zinazochochea mishipa mipya, na mishipa hiyo inaota ovyo, dhaifu, mahali pasipofaa. Inavuja damu, inaacha makovu, na makovu yanavuta retina mpaka inabanduka kutoka mahali pake.

Waganga wanagawa ugonjwa huu katika ngazi tano. Ngazi ya kwanza na ya pili mara nyingi hupona zenyewe, na kinachohitajika ni kufuatilia tu. Ngazi ya tatu ndiyo mara nyingi inayohitaji matibabu ya haraka, hasa mishipa ikianza kuvimba na kujikunja. Ngazi ya nne ni retina inayobanduka sehemu moja, na ya tano ni retina iliyobanduka yote. Kwenye ngazi ya tano, hata upasuaji wa hospitali kubwa za Ulaya na Marekani ni nadra kurudisha uoni wa maana.

Mganga aliyekopa pesa kwa ndugu yake

Historia ya kugundua chanzo cha ugonjwa huu ni fundisho kwa kila hospitali yenye chupa ya oksijeni.

Mwaka 1942, mganga wa macho Theodore Terry wa mji wa Boston, Marekani, alieleza kwa mara ya kwanza watoto wachanga waliokuwa na utando mweupe nyuma ya lenzi ya jicho. Wote walizaliwa mbele ya wakati. Katika miaka iliyofuata, idadi iliongezeka haraka, na jambo la ajabu ni kwamba ugonjwa ulikuwa mwingi zaidi kwenye hospitali zenye vifaa vizuri. Hospitali maskini zilikuwa na vipofu wachache.

Watafiti walishuku vitu vingi: vitamini, maziwa, mwanga wa taa, maambukizi ya mama. Mwaka 1951, daktari Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alilinganisha hospitali zilizotofautiana katika matumizi ya oksijeni. Aliona kwamba mahali ilipotolewa kwa wingi, upofu ulikuwa mwingi, na mahali ilipotolewa kwa uchache, upofu ulikuwa mdogo. Huko Birmingham, Uingereza, daktari Mary Crosse naye aliona upofu ukiongezeka baada ya oksijeni kuanza kutolewa kwa wingi.

Aliyeamua kupima jambo hilo kwa majaribio alikuwa kijana mmoja, Arnall Patz. Alizaliwa mwaka 1920 katika jimbo la Georgia, na alikuwa bado anajifunza uganga wa macho kwenye hospitali ya Gallinger mjini Washington. Aliona kwamba watoto waliopofuka ni wale waliokaa wiki nyingi ndani ya kuvezi zilizojaa oksijeni. Pamoja na mwenzake Leroy Hoeck, alipendekeza watoto wagawanywe katika makundi mawili: kundi moja lipate oksijeni nyingi kama ilivyokuwa desturi, na lingine lipewe tu ile iliyohitajika.

Taasisi ya serikali iliyotoa pesa za utafiti ilikataa mwanzoni, ikiogopa kwamba kupunguza oksijeni kutaua watoto. Kwa majaribio yake ya wanyama, Patz alikopa pesa kwa kaka yake. Hata ndani ya hospitali haikuwa rahisi. Baadhi ya wauguzi walikuwa na huruma ya kweli kwa watoto, na usiku walifungua oksijeni kwa wale waliopangwa kupata kidogo. Hawakuwa na nia mbaya. Walidhani wanaokoa.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1952, na yalionyesha kwamba ugonjwa mkali ulikuwa upande wa watoto waliopata oksijeni nyingi. Baadaye hospitali 18 za Marekani zilifanya utafiti wa pamoja ulioongozwa na Everett Kinsey, na mwaka 1954 matokeo yakathibitisha jambo lile lile. Mwaka huo huo, mjini London, Norman Ashton alionyesha kwa majaribio ya watoto wa paka jinsi oksijeni inavyofunga mishipa ya jicho changa.

Kabla ya hapo, watoto wapatao 10,000 duniani walikuwa wamepofuka. Mmoja wao ni mwimbaji Stevie Wonder, aliyezaliwa Michigan mwaka 1950, wiki sita kabla ya wakati wake. Patz na Kinsey walipewa tuzo ya Lasker mwaka 1956. Mwaka 2004, Patz alipewa nishani ya juu ya raia nchini Marekani. Alifariki mwaka 2010.

Kosa la upande wa pili

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa rahisi: funga chupa, macho yapone. Lakini hospitali nyingi zilipofunga oksijeni kwa woga, upofu ulipungua na vifo vikaongezeka. Mwaka 1973, mtafiti wa Uingereza Kenneth Cross alikadiria kwamba kwa kila mtoto aliyeokolewa macho, watoto wapatao 16 walikufa kwa kukosa oksijeni.

Swali hilo lilirudi tena mwaka 2010, katika utafiti mkubwa wa Marekani uitwao SUPPORT. Kundi moja la watoto liliwekwa kwenye kiwango cha oksijeni ya damu cha asilimia 85 hadi 89, na lingine asilimia 91 hadi 95. Kundi la chini lilikuwa na ugonjwa mkali wa macho kidogo zaidi, lakini watoto wengi zaidi walikufa.

Kutokana na mafunzo hayo, hospitali nyingi leo hulenga kiwango cha kati ya asilimia 90 na 95 kwa mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati na anayepewa oksijeni. Oksijeni ni dawa kama dawa nyingine. Ikizidi ina madhara, na ikipungua inaua.

Jambo moja linawachanganya watu wengi kwenye wodi. Mtoto anayepumua hewa ya kawaida, bila mpira puani, akionyesha 98 au 100 kwenye kipimo, hana tatizo. Lakini mtoto aliyewekewa oksijeni akionyesha 100, hiyo ni alama ya onyo. Ina maana huenda anapata zaidi ya anachohitaji, na mashine haiwezi kuonyesha ni zaidi kiasi gani.

Kutoka Ulaya hadi ukanda wetu

Kwa miaka mingi waganga wengi waliamini kwamba retinopatia ya prematire si ugonjwa wa Afrika. Sababu ilikuwa ya kusikitisha: watoto wadogo sana walikuwa wanakufa kabla ya macho kufika kwenye hatua ya pili.

Daktari Clare Gilbert wa London, aliyefuatilia upofu wa watoto katika nchi nyingi, alionyesha kwamba hali inabadilika. Katika nchi tajiri, wanaopata ugonjwa mkali ni watoto wadogo kabisa, mara nyingi chini ya kilo moja. Katika nchi zenye uwezo wa kati na mdogo, hata watoto wa kilo moja na nusu au zaidi wanaupata, kwa sababu oksijeni inatolewa bila kupimwa vizuri, maambukizi ni mengi, na uzito unaongezeka polepole. Ndiyo sababu nchi kama India imeweka kipimo cha macho kwa kila mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki ya 34 au chini ya kilo mbili, wakati Marekani inaanzia kwenye kilo moja na nusu au wiki ya 30.

Ng'ambo ya mpaka, nchini Rwanda, mganga wa macho Francis Mutangana na wenzake walichapisha mwaka 2020, katika jarida la kitabibu Eye, utafiti uliofanywa katika hospitali kadhaa baada ya huduma ya kupima na kutibu ugonjwa huu kuanzishwa. Walichunguza watoto 424. Kati yao, 31 walikuwa na ugonjwa, yaani asilimia 7.3. Na kati ya hao 31, watoto 13 walifikia kiwango cha kuhitaji matibabu. Bila kipimo, watoto hao 13 wangerudi nyumbani kama wengine.

Nchini Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulihusu watoto 103 katika hospitali moja ya Nairobi yenye vifaa vya juu vya kutunza watoto wachanga. Watoto 43 kati yao, sawa na asilimia 41.7, walipatikana na ugonjwa wa kiwango fulani. Makundi ya Rwanda na Kenya si sawa na hayawezi kupimwa kwa mizani moja, lakini yote mawili yanasema jambo lile lile: kadiri hospitali inavyookoa watoto wadogo zaidi, ndivyo inavyopaswa kuwa na mtu wa kuangalia macho yao.

Chupa, umeme na vita

Mjini Goma, maswali haya yanakutana na hali ngumu ya kila siku. Mama anayejifungua mapema mara nyingi amepitia malaria, shinikizo la damu, maambukizi au mimba ya mapacha. Katika Kivu Kaskazini kuna pia kukimbia vita, kutembea siku nyingi na mzigo kichwani, kulala nje na kula kidogo. Kambi za wakimbizi zilizozunguka mji, kama Kanyaruchinya, Bulengo na Lushagala, zilijaa wanawake wenye mimba kutoka Masisi na Rutshuru.

Mwishoni mwa mwezi Januari 2025, mapigano yalipoingia mjini, Goma ilikaa siku kadhaa bila umeme wala maji, na uwanja wa ndege ukafungwa. Kwa wodi ya watoto waliozaliwa mbele ya wakati, umeme si anasa. Mashine inayotengeneza oksijeni kutoka kwenye hewa inauhitaji. Kuvezi inauhitaji. Umeme ukikatika, inabaki chupa, jenereta yenye mafuta, na kifua cha mama.

Chupa ya oksijeni hutoa oksijeni karibu safi kabisa, wakati hewa tunayovuta ina asilimia 21 tu. Mashine ya kutengeneza oksijeni hutoa ya asilimia 90 na kitu. Mpira mdogo puani wenye mtiririko wa chini unachanganyika na hewa ya chumbani, kwa hiyo hatari inapungua. Lakini mahali ambapo mtoto anasaidiwa kupumua kwa mpira unaotoa mapovu ndani ya chupa ya maji, bila kifaa cha kuchanganya oksijeni na hewa, anaweza kupokea oksijeni karibu safi kwa siku nyingi mfululizo. Vifaa rahisi vya kuchanganya, visivyohitaji umeme, vimeshaundwa kwa ajili ya hospitali za namna hii.

Kifaa cha kwanza kabisa kinachohitajika ni kidogo na si cha gharama kubwa kama mashine nyingine: kipima-oksijeni kinachofungwa mguuni au mkononi mwa mtoto. Mahali ambapo hakitoshi kwa kila kitanda, muuguzi anaweza kukizungusha kwa watoto wote kwa saa maalumu, akiandika namba na kupunguza oksijeni pale inapozidi 95. Kazi hiyo haihitaji mtaalamu kutoka nje. Inahitaji mafunzo, daftari na nidhamu ya usiku kama ya mchana.

Kifua cha mama na maziwa yake

Utafiti wa Lois Smith wa Boston na Ann Hellström wa Gothenburg, Sweden, umeongeza kitu kingine kwenye ufahamu huu. Walionyesha kwamba oksijeni si chanzo pekee. Mtoto aliyezaliwa mapema anakosa pia homoni ya ukuaji aliyokuwa akiipata tumboni, inayoitwa IGF-1. Ikiwa chini kwa muda mrefu, mishipa ya jicho haioti vizuri. Na homoni hiyo inapanda mtoto anapokula na kuongezeka. Kwa hiyo mtoto asiyeongeza uzito katika wiki za kwanza ni mtoto ambaye macho yake yako hatarini zaidi.

Hapo njia ya kangaruu inaingia. Ilianzishwa Bogotá, Kolombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 na daktari Edgar Rey Sanabria, wakati kuvezi hazikutosha. Mtoto anawekwa uchi kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akifunikwa kwa kitenge na kofia, na kunyonya maziwa ya mama tu. Utafiti wa mwaka 2021 uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania ulionyesha kwamba kuanza njia hiyo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja mtoto atulie, kulipunguza vifo kwa asilimia 25.

Kangaruu haitibu jicho lililokwisha kuugua. Lakini inapunguza maambukizi, inasaidia kupumua, inaleta maziwa na uzito. Yote hayo yanapunguza siku ambazo mtoto atahitaji oksijeni. Kwa mji unaokatikiwa umeme, hiyo ni kinga ya macho isiyotegemea waya.

Kipimo cha dakika chache, na saa 72 za kutibu

Kipimo chenyewe ni rahisi kuelezwa. Mtoto anawekewa matone ya kupanua mboni, kisha matone ya kuzuia maumivu. Mganga wa macho anavaa taa kichwani, anashika lenzi mkononi, na kuangalia retina ya jicho moja, halafu la pili. Muuguzi anamshika mtoto vizuri na kumfuatilia pumzi. Mtoto atalia kidogo, na matone ya maziwa ya mama ulimini yanaweza kumtuliza.

Muda ndio kila kitu. Kipimo cha kwanza kinafanywa mtoto akifikisha wiki nne tangu azaliwe. Aliyezaliwa tarehe 3 Machi anapaswa kuonwa kufikia tarehe 31 Machi. Kisha mganga anaamua kama atarudi baada ya wiki moja, mbili au tatu, mpaka mishipa imalize kukua.

Hapo ndipo watoto wengi hupotea. Kwenye wiki ya nne, mtoto anaweza kuwa amekwisha kutoka hospitali. Mama anafurahi, amemaliza pesa, ana watoto wengine wanaomngoja. Kama nyumbani ni mbali, au barabara haipitiki kwa sababu ya vita, kurudi mjini kwa ajili ya jicho linaloonekana zima ni jambo gumu kuelewa, isipokuwa mtu amemweleza waziwazi.

Ugonjwa ukipatikana kwenye kiwango kikali, matibabu yanapaswa kufanywa ndani ya saa 48 hadi 72. Njia ya kwanza ni laser, inayochoma kwa uangalifu sehemu ya retina isiyo na mishipa ili iache kuita mishipa mibaya. Njia ya pili ni sindano ndogo ndani ya jicho yenye dawa iitwayo bevacizumab, iliyoruhusiwa kwanza Marekani mwaka 2004 kutibu saratani ya utumbo mpana. Mwaka 2011, utafiti ulioongozwa na Helen Mintz-Hittner wa Houston ulionyesha kwamba inafaa kuliko laser pale ugonjwa unaposhika eneo la katikati kabisa ya retina.

Sindano ina faida mahali ambapo mashine ya laser haipo, kwa kuwa haihitaji mashine kubwa. Lakini ina sharti moja: baada yake, ugonjwa unaweza kurudi miezi baadaye, kwa hiyo mtoto lazima afuatiliwe kwa muda mrefu zaidi. Mzazi anayedhani sindano moja imemaliza kazi anaweza kumpoteza mtoto huyo mara ya pili.

Kuhusu uchache wa waganga wa macho, India imeonyesha njia. Tangu mwaka 2008, mradi wa KIDROP ulioanzishwa na daktari Anand Vinekar mjini Bangalore umefundisha mafundi wasio waganga kupiga picha za retina kwa kamera maalumu katika hospitali za vijijini. Picha zinatumwa kwa intaneti, mganga aliye mjini anazisoma na kusema ni mtoto gani anahitaji matibabu. Mganga mmoja anafikia wilaya nyingi bila kusafiri.

Mambo ambayo mzazi anaweza kuuliza

Mzazi si mganga, lakini ana haki ya kuuliza, na maswali yake yanaweza kuamsha huduma ambayo haikuwepo.

Akiwa bado kwenye wodi, anaweza kuuliza mtoto alizaliwa kwenye wiki ya ngapi na kwa gramu ngapi, na aandike namba hizo kwenye karatasi atakayoitunza. Anaweza kuuliza namba gani inaonekana kwenye kipima-oksijeni, na kama oksijeni bado inahitajika. Asifunge wala kufungua chupa mwenyewe kwa hali yoyote, amwite muuguzi.

Kabla ya kutoka, aulize tarehe ya kipimo cha macho. Kama mtoto amepewa oksijeni, alipata maambukizi makali, au alizaliwa chini ya kilo mbili, swali hilo lisiachwe. Na kama anahamishiwa hospitali nyingine, tarehe hiyo iandikwe kwenye barua ya uhamisho, ili isipotelee njiani.

Nyumbani, mtoto wa miezi miwili au mitatu anapaswa kuanza kufuata uso wa mama na mwanga. Kwa yule aliyezaliwa mapema, miezi huhesabiwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Asipofuata, au macho yakichezacheza bila kutulia, au mboni ikionekana nyeupe kwenye picha ya simu, apelekwe kwa mganga wa macho siku hiyo hiyo. Mboni nyeupe inaweza pia kuwa alama ya saratani ya jicho, ambayo nayo haingoji.

Hata mtoto aliyetibiwa akapona, au yule ambaye ugonjwa wake ulipona wenyewe, ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuhitaji miwani mapema au kuwa na makengeza. Ni vizuri apimwe tena kabla ya kuanza shule, ili asije akaitwa mzito wa akili darasani wakati kumbe haoni ubao.

Kila mwaka tarehe 17 Novemba, dunia inaadhimisha siku ya watoto waliozaliwa mbele ya wakati. Hospitali nyingi huonyesha siku hiyo watoto waliotoka na gramu 1,000 na sasa wanatembea. Ushindi huo ni wa kweli, na umetokana na kazi ya wauguzi na mama waliokesha. Ili uwe kamili, karatasi ya kutoka hospitali, iwe ya mjini Goma, ya Rutshuru au ya Minova, inahitaji mstari mmoja zaidi: tarehe ya kupimwa macho, na jina la mahali pa kwenda.